Kabati la Bi Nasma Haliishi Kukauka

Bi Mwantum, mshauri wetu wa gazetini, salaam nyingi. Kaa vizuri kwanza ndipo unisome, kwa sababu anayekuandikia leo si mtu wa kupita tu njiani. Mimi ndiye Fundi Mrisho wa Majengo, Dodoma, na jina langu liandikeni lote sina cha kuficha. Hapa mjini kama hujalala kwenye kitanda changu basi umelala kwenye kitanda cha mtu niliyemfundisha mimi, au umelala chini. Watu wanasema serikali ilihamia huku kwa sababu ni katikati ya nchi, mimi huwa nanyamaza, najua walitaka kukalia viti vya nani. Kule Mlali nilitengeneza mlango, ukaja upepo ukabeba nyumba nzima na bati zake, ukaacha mlango wangu umesimama na kufuli lake, na mpaka leo mwenye nyumba akienda shambani anabisha hodi kwanza. Shule niliachia darasa la tano kwa sababu la sita nilikuwa nimeshalijua. Sasa ukiona mtu kama huyo anaomba msaada, ujue limemfika.

Lililonifika ni mambo ya tarehe.

Nina mpwa wangu, Stara, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi kwenye ofisi moja ya serikali huko Mtumba. Siku moja alinikuta karakana wateja watatu wamekaa juu ya vitanda vyao ambavyo havijaisha, kila mmoja ananisema kwa zamu, akaniambia, "Shikamoo mjomba. Hivi hii karakana utaiendesha kwa kesho kutwa mpaka lini?" Nikamjibu, "Marahaba, hiyo kesho kutwa ndiyo iliyokusomesha." Hakucheka. Alichukua simu yangu akaniwekea programu ya kupanga kazi kama wanayotumia wao ofisini, na Bi Mwantum, ile kitu ina akili, kila kazi ina kadi yake, ukiiambia tu hiki ni kitanda na nimeanza leo, yenyewe inapiga hesabu ya kuranda, ya kuunga, ya msasa, ya vanishi, inaruka Ijumaa mchana na Jumapili, inakutolea tarehe ya mwisho halafu inamtumia mteja ujumbe bila hata kukuuliza, na hatua moja ikichelewa zote za mbele zinasogea zenyewe na mteja anaarifiwa, na hatua ya mwisho ukiiwekea tiki anaambiwa njoo uchukue. Nilijifunza kwa siku moja tu, Stara atasema wiki, lakini Stara hakuwa anahesabu vizuri.

Sikatai, imeniheshimisha. Kazi zimeongezeka, kelele zimeisha, nalala vizuri, hata suruali zinanibana. Ningekuwa na furaha kamili kama si Bi Nasma.

Nasma si jina lake, hilo nimelificha kwa heshima. Ni mjane, ana duka la nafaka hapa hapa sokoni Majengo, na mimi pia mke wangu alitangulia mbele ya haki muda sasa. Aliniagiza kabati la vyombo zamani zile za kesho kutwa, na kila baada ya siku moja mbili, akishafunga duka, alikuwa anakuja anasimama mlangoni mkono kiunoni.

"Mrisho! Sahani zangu ziko kwenye maboksi chini ya kitanda. Mgeni akija napiga magoti kama naswali, kumbe natafuta bakuli."

"Kesho kutwa, inshallah."

"Kesho kutwa ya mwaka gani?"

Basi akishanisema akachoka anakaa kwenye stuli, namtilia kahawa, tunaongea bei ya alizeti, tunaongea watoto wa watu, mpaka adhana ya Magharibi ndiyo inamwinua. Mimi nilidhani ni biashara tu. Stara alipomtengenezea kadi, Bi Nasma akapata ujumbe wenye tarehe, na hakuja tena. Aje kufanya nini? Tarehe anayo.

Karakana ikawa kimya kama benki. Ndipo zikaja zile siku za mawingu, vanishi ikagoma kukauka, kwa haki kabisa nikasogeza tarehe ya kabati lake, ujumbe ukaenda, na kabla sijairudisha simu mfukoni namwona huyo anakuja na mkoba wake, "Mrisho, hata mashine umeifundisha uongo?" Nikatia maji ya kahawa jikoni. Bi Mwantum, siku hiyo niliranda mbao nikiimba.

Hapo ndipo shetani aliponishika kidole. Kabati limekwisha. Limekwisha siku nyingi, mninga mtupu, milango yake ikifungwa inapumua. Nimelifunika turubai nyuma ya karakana na tiki sijaiweka, ila kila tarehe ikifika naisogeza mbele, ujumbe unaenda, yeye anakuja kunisema. Akiwa njiani nafungua kopo la vanishi, nalowanisha kitambaa nakitandika juu ya kabati ili harufu iwepo, na akitaka kugusa napiga kelele, "Usiguse, bichi hilo!"

"Bichi? Zabibu zimeiva zikavunwa zikaisha sokoni, kabati bado bichi?"

Sikujua kuwa programu ile inajifunza. Kumbe inaangalia kazi zilizopita, inatafuta wastani, halafu kwa wastani huo inapanga za mbele. Stara akanipigia simu, "Mjomba, mfumo unasema vanishi yako inachelewa kukauka ajabu. Unapaka nini, asali?" Nikamwambia ni hewa ya Dodoma. Haukupita muda akaja mama yake Khairat, binti ambaye harusi yake imekaribia, kashika simu mkononi, kaambiwa kitanda kitakuwa tayari harusi ikishapita. Akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, sasa maharusi walale wapi, kwenye ujumbe?" Zablon, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, akadakia kwa sauti, "Mama, vuka huku! Huku kwetu vanishi inaogopa jua!" Mgogo yule tunataniana siku zote lakini siku hiyo utani wake ulinichoma.

Kuna na jingine. Stara alishaweka sharti kwamba kazi ikisogezwa sana mteja anapewa nafasi ya kujitoa. Bi Nasma kapewa. Kajibu kwa maneno machache, nimeyasoma mpaka kioo cha simu kimechoka: "Jumamosi jioni. Kama sina kabati, naenda kwa Zablon." Ndiyo maana nakutumia hii kwa WhatsApp, posta ingenikuta nimeshaumbuka.

Sasa nifanyeje? Nikiweka tiki atachukua kabati lake na sitamwona tena, nikisogeza tena anavuka barabara. Kumwambia nilijaribu. Juzi aliweka kikombe chini akaniuliza, "Mrisho, una neno unataka kuniambia?" na mimi niliyezungumza na wakubwa wa kila namna nikamweleza tofauti ya mninga na mkongo mpaka akaaga.

Na kuna kadogo kamebaki, nakasema haraka. Ndani ya programu nimejitengenezea kadi yangu mwenyewe, inayojirudia, haina jina la mteja, imepangwa iangukie siku moja kabla ya kila tarehe ya kabati, yaani tarehe ikisogea na yenyewe inasogea. Imeandikwa "matengenezo ya mbele". Stara ameniuliza ni kazi ya nani hiyo isiyoisha. Bi Mwantum, ni ya kunikumbusha kuficha mvi, kupaka ndevu piko.

Fundi Mrisho, Majengo, Dodoma

*

Ndugu yangu Fundi Mrisho,

Nimekucheka, halafu nimekukasirikia, na nitaanza na hasira ili tuimalize.

Mama wa watu anapiga magoti chini ya kitanda kutafuta bakuli, na bakuli hilo lina mahali pake pa kukaa, umepafunika turubai. Unaniambia kahawa na nyimbo. Umeuliza magoti yake yanaimba nini? Na binti wa watu anaolewa, mama yake anahangaika na mambo mia moja, wewe umemwongezea la mia na moja kwa sababu unataka mtu wa kuongea naye jioni. Usiilaumu programu wala hewa ya Dodoma. Programu imefanya hesabu safi kabisa ya uongo uliouweka wewe.

Nimemaliza. Sasa nikae upande wako kidogo, maana najua nyumba ya mtu aliyefiwa na mwenzake inavyokuwa saa za jioni, na kidomodomo chako naona kinajaza nafasi hiyo. Si dhambi kumpenda Bi Nasma. Ni aibu tu kumpenda kwa kumchelewesha.

Na tuseme ukweli kuhusu huyo mama. Mwenye duka la nafaka anatia punje mdomoni, anaing'ata, anajua kama mahindi yamekauka au anauziwa maji. Mtu huyo ndiye unayedhani umemdanganya kwa kitambaa? Zablon yuko ng'ambo tu ya barabara tangu mwanzo, hakuanza jana, na yeye hakuvuka. Amekuuliza kwa mdomo wake kama una neno. Sisemi anakupenda, sikai moyoni mwake. Nasema alikufungulia mlango ukamweleza mbao.

Umeficha jina lake vizuri sana, halafu ukaandika lako, na mtaa, na duka la nafaka, na kabati. Gazeti hili likiingia Majengo leo asubuhi, sokoni litasomwa kwa sauti. Kwa hiyo Jumamosi yako haipo tena. Ni leo.

Weka tiki sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Umeweka? Haya. Mpigie Stara, mwambie kadi ya Bi Nasma ni ya uongo aitoe kwenye wastani, na tarehe za wengine zitarudi mahali pake zenyewe. Si lazima umweleze kwa nini. Msichana aliyeona kadi ya ndevu ameshajua kwa nini. Mama yake Khairat usimwachie ujumbe wa mashine, mwendee kwa miguu, umwambie kosa ni lako na kitanda kinatangulia harusi, na kitangulie kweli, hata kama utapiga msasa bila kuonja kahawa.

Kabati lipeleke mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mninga haubebwi na mtu mmoja, basi mwombe Zablon mshike naye. Atakutania njia nzima, na umestahili. Mkifika, Zablon arudi, wewe usaidie kutoa vyombo kwenye maboksi. Wewe ndiye upige magoti safari hii. Sahani ya mwisho ikishapanda, mwombe radhi, halafu mwambie maneno haya, usiongeze hata moja: "Lilikuwa tayari zamani. Nilichelewesha kwa sababu nilipenda uje." Usitie upepo wala Mlali wala viti vya serikali. Nakujua sasa.

Akikataa, umwombe radhi tena na uende zako, na stuli yako ibaki wazi kwa yeyote apendaye kahawa. Mtu hukaribishwa, ndugu yangu. Unasema "karibu", basi. Wateja wako wote wale waliokuwa wanakuja kukusema, nusu yao wangekuja hata kwa neno hilo peke yake, hukuwahi kulijaribu. Akikubali, dada yako aende kwa ndugu zake Bi Nasma kwa utaratibu wetu, posa ipelekwe na watu wazima, si kwa simu. Kadi ya piko iache, haimdhuru mtu, ila ipange kwa siku za wiki, isifuate kabati.

Na kama hatakataa wala hatakubali, akakutazama tu, akasema ngoja kwanza nifikirie, itikia "sawa", vaa viatu vyako uondoke. Usimuulize tarehe.

Bi Mwantum