Mjomba, Drili Yako Niliiunguza

Kinole,
Morogoro.
20 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Halidi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini joto la Maskati halijakuelemea, na lile goti lililokuwa likikusumbua wakati wa kusujudu sasa limetulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu ni kali, ukungu hautoki mpaka saa nne, lakini mama, dada yako, bado anashuka mwenyewe kwenye pilipili manga zake na hataki mtu amshike mkono.

Mwezi uliopita ulinipigia simu mara tatu na sikupokea. Mama akakwambia mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwepo, Mjomba. Nilikuwa naona aibu. Kwa kuwa Bartholomeo, aliyeniletea mzigo wako, anarudi huko Ijumaa, nimeona nimkabidhi barua hii, maana kwa simu ningeanza kusema kisha ningelia na kukata.

Drili uliyonitumia niliiunguza.

Bartholomeo alipokuja nayo kutoka huko, alifungua begi mezani kwetu: drili ipo, chaja ipo, betri hakuna. Zote mbili zilitolewa kwenye mzigo uwanja wa ndege, kwa sababu hazikuruhusiwa kwenda na mabegi yanayopakiwa chini ya ndege. Maskini aliomba radhi kana kwamba ameziiba yeye. Nikamwambia asijali, betri ni betri, nitapata nyingine hapa hapa Morogoro. Kosa langu lilianzia kwenye neno hilo.

Wakati huo nilikuwa na kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa: milango sita ya zahanati mpya tunayoijenga hapa kitongojini. Baadhi ya wajumbe wa kamati ya ujenzi walitaka aletwe fundi mwanaume kutoka mjini, wakasema mkono wangu ulishavunjika na mwanamke hatauweza ugumu wa mbao za mtiki. Mzee Hashimu, mwenyekiti wa kamati, ndiye aliyewakatisha. Alisema, "Shamsia amefundishwa na Halidi. Apewe." Kwa hiyo nilipewa kwa jina lako.

Na kweli mkono si ule tena. Kekee ya mkono ya kutobolea nikiizungusha mara kumi tu, kifundo kinakufa ganzi. Ndiyo maana drili yako niliipokea kama mtu aliyerudishiwa mkono wake.

Jastin, kijana wa bodaboda ambaye siku hizi ananisaidia kubeba mbao, alitoa betri ya pikipiki yake tukaiunga kwa nyaya. Drili imeandikwa volti kumi na nane, betri ile ni kumi na mbili. Ilizunguka vizuri hewani, lakini ilipogusa mtiki ikasimama na kuanza kupata joto. Tungeishia hapo tungekuwa salama. Jastin akasema, "Dada, volti zikizidi si ndiyo nguvu inazidi?" Nami nikaliona ni jambo la akili kabisa. Nikateremka mjini, nikarudi na betri ya mtumba ya mashine ya kukatia nyasi, volti thelathini na sita.

Mjomba, drili ilinguruma! Mlango wa kwanza nilitoboa matundu yote ya bawaba kabla chai haijapoa. Watu wakaja kutazama, mmoja wa wale wajumbe akiwemo, na mimi nikajiona. Kwenye mlango wa pili nikasikia harufu ya plastiki, moshi ukatoka pale penye kitufe, na nilipoachia kitufe drili iliendelea kuzunguka. Jastin alivuta nyaya kwa mkono mtupu akaungua kiganja. Betri ilikuwa ya moto, nikaisukuma kwa ubao mpaka kwenye rundo la mchanga nje, tukakaa mbali tukiitazama. Haikulipuka, alhamdulillahi. Kiganja cha Jastin kimepona, limebaki kovu dogo tu.

Yule mjumbe akaenda zake. Ningependa angenigombeza kwanza.

Wiki mbili nilirudi kwenye kekee. Natoboa matundu matatu, napumzika, namwomba mama anikande mkono kwa maji ya moto. Siku moja akiwa ananikanda akaniuliza, "Unamwogopa Halidi au unamwogopa nani?" Nikamwambia nimekuaibisha. Akasema, "Halidi aliwahi kuniangushia paa la jiko. Amka uende ukatafute fundi." Hilo la paa hukuwahi kunisimulia, Mjomba.

Nikaenda. Niliuliza duka hadi duka mpaka nikaelekezwa kwa Scholastika, dada mmoja anayetengeneza vifaa vya umeme njia ya kwenda Mazimbu. Alifungua drili, akanusa, akaniangalia.

"Nani aliyeiunga hii na thelathini na sita?"

"Mimi mwenyewe."

"Vizuri. Wengi huniambia imejiunguza."

Mota ilikuwa nzima. Kilichoungua ni kitufe pamoja na kile kibao chake kidogo cha umeme. Alitoa kingine kwenye drili kongwe ya aina ile ile. Akiwa anafanya kazi aliniuliza maji ya kwetu yanatoka wapi. Nikamwambia ni ya mserereko, tangi liko juu mlimani. Akasema, "Basi volti ni kule juu tangi lilipowekwa. Ukilipandisha mara mbili, bomba la chini linapasuka. Ukilishusha sana, maji yanachuruzika tu. Ukitaka maji ya siku nyingi, ongeza ukubwa wa tangi, usilipandishe mlima." Ukubwa wa tangi, alisema, ni zile namba zenye herufi Ah kwenye betri. Hizo zinaweza kuzidi bila neno, drili itafanya kazi muda mrefu zaidi. Volti ndizo za kulingana na chombo.

Kisha akanipa betri iliyoandikwa ishirini. Nilirudi nyuma, Mjomba. Nikamwambia yangu ni kumi na nane, sitaki tena. Akacheka, akachukua kipimo. Kumbe kampuni hiyo hiyo huiandika ishirini kwa kuhesabu chaji ikiwa imejaa pomoni, lakini ikiwa kazini ni ile ile kumi na nane. Akanionya kuwa si kila ishirini ni hivyo: niangalie kama ni ya kampuni moja na inaingia yenyewe mahali pake, bila nyaya wala gundi. Na chaja iwe ya betri hiyo hiyo.

Akaniambia nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza kidogo. Ikazunguka taratibu, nikaachia, ikasimama. Sikuona haya, nilimkumbatia yule dada na grisi zake zote.

Milango yote sita nimeshaipachika, na zahanati imefunguliwa wiki iliyopita. Yule mjumbe alipita mlango baada ya mlango akifungua na kufunga, mwisho akaniuliza kama naweza kumtengenezea dirisha. Nimemwambia asubiri, kuna wenzake watatu mbele yake.

Alhamisi iliyopita mchana, Mwanahawa, binti wa jirani yetu, alishikwa na uchungu. Tulimsindikiza mimi na mama. Muuguzi alimwingiza chumba cha kujifungulia, akaufunga mlango, nikasikia komeo likiingia mahali pake. Mama alisimama akiutazama. Akasema, "Wewe nilikuzaa nyuma ya kanga iliyotundikwa, wanaume wanapita." Tulikaa kwenye benchi mpaka alasiri, na tulipomsikia mtoto analia, mama alinishika huu mkono wangu mbovu akaubana mpaka ukauma. Ni wa kike, mzima, na mama yake mzima.

Nisamehe kwa zile simu. Ukitaka kupiga, piga hata leo.

Msalimie mkaza mjomba Hafidha na watoto wote, na mwambie mwanao Shamimu kitabu alichonitumia nimekipata. Mama anakusalimu, anasema usinyanyue mbao nzito. Jastin naye anatoa shikamoo ingawa hamjaonana. Mola akuhifadhie mikono na macho, akutie wepesi katika kazi yako, na akurudishe milimani tukuone.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,

Shamsia