Farasi Asife Akitafuta Mtu

Mwalimu Gathogo,

Umekaa chini ya udongo miezi mitano na bado unafundisha. Kila Jumamosi nikifika kile kiwanja cha nyuma ya soko la Giakanja nakuta watoto wamepanga foleni, kila mmoja na mzigo wake wa nyasi, maana ada yako sikuibadilisha: hakuna nyasi, hakuna farasi. Nawaambia wamkaribie farasi kwa upande wa kushoto, huku wakiongea, ili ajue wanakuja. Nawaonyesha kuchokoa kwato kuanzia kisigino kwenda mbele. Wanaweka sikio ubavuni na kusikiliza tumbo likinguruma, wanacheka. Mimi najisikia nikisema maneno yako kwa sauti yako, na natamani kutema mate.

Bosi, farasi wako wa mwisho, hajambo. Amezeeka, meno yamemwisha, lakini anawapenda watoto kuliko ulivyowapenda wewe. Hilo si jambo gumu.

Nakuandikia kwa sababu ya Nyambura. Ana miaka minane, na kwao Tetu wanafuga ng'ombe wa maziwa, kama kwetu. Jumamosi iliyopita alifika kabla ya wenzake, akanijia mbio akitabasamu: "Teacher, Bosi amelala. Ameshiba, anacheua."

Unakumbuka nani mwingine alisema hivyo. Farasi hacheui, lakini mtoto aliyelelewa na ng'ombe atajuaje? Kwetu mnyama akila akalala, watu wanafurahi, maziwa yanakuja. Nilikuwa na miaka kumi na moja nilipomkuta Kahawa amelala asubuhi. Kahawa, farasi wako jike, uliyepewa baada ya kupiga brashi farasi wa wenyewe huko Nanyuki miaka thelathini. Nilimwona amelala nikasema anacheua, nikamwacha apumzike, nikaenda kuruka kamba na wenzangu. Ulipofika saa sita ukaweka sikio ubavuni mwake, tumbo lilikuwa kimya, utumbo umeziba. Daktari wa mifugo alitoka Nyeri mjini, akampima, akatikisa kichwa, akatoa sindano ya kummaliza.

Ulinitafuta kwa macho kati ya watoto wote.

"Wewe ndio umeua yeye," ulisema. "Sasa shika kamba. Farasi asikufe akitafuta mtu."

Nilishika. Masikio yake yalinigeukia, yote mawili, halafu kichwa kikawa kizito na kamba ikanivuta hadi nikapiga magoti. Uliichukua kamba mkononi mwangu, ukaikunja vizuri, ukaniambia nimeshika sawasawa. Katika miaka yote niliyokuwa mwanafunzi wako, hiyo ndiyo sifa pekee uliyonipa.

Na hukuishia hapo. Kila walipokuja watoto wapya ulinisimamisha mbele yao. Huyu, ulisema, aliua farasi kwa kudhani ni ng'ombe. Wakacheka. Nami Jumamosi iliyofuata nikarudi na nyasi zangu, kwa sababu niliwapenda farasi, na wewe ulijua nitarudi. Nilikuchukia, Mwalimu. Nataka hilo ulisikie vizuri, maana ulipokuwa hai sikuwahi kulisema.

Ulipopooza upande mmoja, Mama Njoki alinipigia simu nikiwa kazini Thika. Alilia kidogo, ingawa mkeo si mtu wa kulia. "Mzee anauliza wewe. Ati wewe ndio unajua kushika." Nikamjibu niko njiani.

Nilipanda gari kweli. Nikashukia Sagana, katikati ya safari. Niliingia hotelini nikaagiza samaki mzima na ugali, nikala polepole, nikamchambua mwiba mmoja mmoja mpaka kichwani. Simu ililia mara mbili. Niliitazama, vidole vina mafuta. Nilijua unachotaka. Hukutaka kuniomba msamaha. Uliogopa, ukataka mtu wa kukushikia kamba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nikaagiza chai.

Mama Njoki anasema ulikufa umegeuza uso mlangoni, na shingo ikakataa kurudi. Siku ya mazishi alinishika mkono mbele ya watu akawaambia huyu alikimbia kuja, ni barabara tu ilimchelewesha. Kwa ajili ya mbio hizo akanikabidhi Bosi na darasa lako. Niliacha kazi ya Thika wiki hiyo hiyo. Sijawahi kupenda kitu nilivyopenda Jumamosi hizi, na nimezipata kwa uongo.

Basi Jumamosi iliyopita niliweka sikio ubavuni mwa Bosi. Mngurumo ulikuwepo, mdogo, mbali. Nikamwinua kwa nguvu, nikapiga simu ya daktari, nikamtembeza kuzunguka kiwanja, watoto wakifuata nyuma. Nyambura alikuwa analia. Aliniuliza kama amemuua. Nami nikafungua mdomo, na sentensi yako ikawa pale kwenye ulimi, nzima, na Kiswahili chake kibovu.

"Wewe ndio," nilisema.

Niliimeza iliyobaki, lakini yeye alikuwa ameshasikia. Muda mfupi baadaye Bosi alitoa mavi, watoto wakashangilia, na daktari alipofika akasema tumbo limefunguka. Nikachuchumaa kumwambia Nyambura kwamba hana kosa, kosa ni langu, sikuwa nimewafundisha kuhusu kucheua. Aliitikia kwa kichwa huku akirudi nyuma. Alirudi mpaka akasimama nyuma ya miguu ya Bosi, pale pale ninapowakataza kila wiki, ili tu awe mbali nami.

Mama Njoki alikuwa ameegemea ua, ameona yote. "Sasa unafanana na Mzee kabisa," akasema. Alikuwa ananisifu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi hii, kabla watoto hawajafika, nitaenda kwa Mama Njoki nimweleze habari ya samaki. Bosi ni wake. Akitaka kumchukua nitamfungulia lango mwenyewe. Akiniachia, siku ya Bosi ya kufa ikifika hakuna mtoto atakayepewa kamba. Nitashika mimi, na Nyambura atakuwa nyumbani kwao, hata kama atanichukia kwa kumnyima.

Msamaha sijakupa, na wako siuombi. Lakini geuza uso, Mwalimu, upumzike. Acha kutazama mlango. Nilisema niko njiani. Sikuwa njiani.

Muthoni