Waranti ya Pikipiki ya Ismaili

Madimba, Mtwara
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa dada yangu Saida,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natanguliza salamu, dada, na pamoja nazo pole ambayo bado haijaisha na sijui kama itaisha. Presha yako inaendeleaje? Dawa unameza, au bado unaziangalia tu mezani ulivyokuwa ukifanya hapa msibani? Na miguu, uvimbe umepungua? Sisi huku kwa mwili ni wazima. Mvua imeshika vizuri, mihogo imesimama, na kaburi la mwanetu Ismaili tumelizungushia yale matofali uliyoagiza ili maji yasilichimbe.

Barua hii inaletwa na Riziki, anayekuja huko Morogoro kumtazama mkwewe. Najua utasema nani anaandika barua siku hizi. Dada, nimekupigia simu mara sita. Kila nikitaja jina la Jafari unakata. Karatasi hii utaichana ukitaka, lakini nakuomba uichane ukishaisoma yote.

Basi nalitaja mapema: nakuandikia kwa ajili ya Jafari, mtoto wa mjomba wetu. Yule mganga uliyemwitisha kupitia kwa Baba mkubwa Kassimu amekubali. Atakuja Ijumaa ya tarehe 21, siku mbili baada ya arobaini, amfichue aliyemla mwanao, na kijiji kizima kinajua ataelekezwa mlango gani. Banda la Jafari la ufundi limekaa wiki tatu bila pikipiki hata moja. Watu wanaburuza pikipiki zao mpaka barabara kuu kuliko kumruhusu yeye aingize spana. Msikitini akijipanga kwenye safu, nafasi ya kulia na ya kushoto zinabaki wazi mpaka imamu ageuke akaripie. Kuku wake saba wamekutwa wamekufa asubuhi moja. Mkewe amechukua watoto akaenda kwao Nanyamba, na mimi sikumlaumu. Juzi vijana wamekaa mbele ya nyumba yake kutwa nzima, hawasemi kitu, wameketi tu wanamtazama akisonga ugali wake. Unajua mambo haya yanavyoishaga, dada. Sina haja ya kukuandikia.

Na yote hayo yametokana na sentensi moja aliyoisema barazani kwangu. Wewe hukuwepo, ulisikia kwa watu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Ulipotuma fedha za mafao ya marehemu shemeji mwezi wa sita tukanunua ile pikipiki mjini, dukani walitupa waranti ya miezi sita bure. Desemba ikafika ukingoni. Binti wa pale dukani, Glory anaitwa, Mchaga mmoja mwenye maneno matamu, akanipigia kwamba tunaweza kuongeza mwaka mzima kwa laki moja na elfu themanini. Nilikwenda mwenyewe kusoma masharti. Kila nati kubwa ya pikipiki wanaipaka doa la rangi ya njano. Kikiharibika kitu, wanatengeneza wao kwa gharama yao, ila wakikuta rangi imepasuka, kwamba fundi mwingine ameingiza spana, waranti imekufa hapo hapo. Nikakupigia, nawe ukaniambia nifanye nitakavyoona, maana mwenye kujua karatasi kwenye ukoo huu ni mimi.

Sifa ile iliniingia kichwani, sikufichi. Wewe unanijua mimi na karatasi. Miaka kumi na moja nimekaa ukarani wa chama cha msingi, nimeona watu wazima wakilia mbele ya meza yangu kwa sababu ya stakabadhi ya korosho iliyoliwa na mchwa. Kwangu mimi kitu kisicho na mhuri hakipo. Nikajisemea, pikipiki hii ndiyo shemeji mwenyewe aliyebaki, isipolindwa hii italindwa nini?

Ismaili hakutaka. Alisema kwa adabu, unavyomjua mwanao, kwamba mama mdogo, fedha hiyo ingetosha tairi mbili na beringi za akiba, na Mjomba Jafari yuko hapa hapa, ukiita anaitika. Nikamjibu kwamba Mjomba Jafari hana mhuri.

Siku niliyokuwa natoka kwenda kulipa tulikuwa barazani tunakula ming'oko ya kuchemsha, watu kama wanane, na Jafari akiwemo. Utani wake unaujua. Ndiye aliyejitandaza kwenye kitanda cha marehemu mama siku ya mazishi, amejifunika kanga zake, akagoma kutoka mpaka alipwe jogoo, nasi tukacheka huku machozi yanatoka. Mimi tangu utoto ananiita mke wangu, na wewe anakuita mke mkubwa. Basi aliponiona nimeshika bahasha akasema kwa sauti, watu wote wasikie:

"Mke wangu, kama karatasi unazipenda namna hiyo, mkatie mtoto na sanda kabisa, iingie kwenye risiti moja."

Watu walicheka. Mimi nilicheka, na Ismaili alicheka kuliko wote, akamrushia ganda la mng'oko. Hiyo ndiyo sentensi, dada. Siku ishirini na nne baadaye tukamkatia sanda kweli, na mtu wa kwanza kuikumbuka alikuwa jirani yangu Farida, akaisema kwa wanawake waliokuwa wanaosha vyombo, na ilipofika jioni ikawa si utani tena.

Sasa sikia yaliyotokea katikati.

Mwaka mpya Ismaili alipata kazi ya kumpelekea mfanyabiashara mmoja mizigo Kilambo, kule kwenye kivuko cha Ruvuma. Alikwenda mara nne. Mto ulikuwa umepanda, njia imefunikwa, akapita kwenye maji yaliyozamisha gurudumu la mbele lote, maji ya huko chini yenyewe yana chumvi na tope la mikoko. Aliporudi gurudumu likawa linalia. Mwanzoni lilikuwa linalia kidogo kwenye mchanga. Baada ya siku mbili nilikuwa namsikia anakuja kabla sijamwona.

Nikampigia Glory. Akasema ni beringi, inafunikwa na waranti, lakini kipuri kinatoka Dar es Salaam, tuilete pikipiki tarehe 15 Januari na katikati asiiguse mtu. Nikauliza kama anaweza kuendelea kuipanda. Akasema aende polepole. Nikaandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, nikaona nimemaliza kazi.

Ilikuwa Ijumaa ya tarehe 10. Alikuwa anashuka ule mteremko wa kabla ya daraja dogo, peke yake, hana abiria, namshukuru Mungu kwa hilo. Gurudumu la mbele likakamata. Waliokuwa shambani wanasema halikuzunguka tena, lilisimama ghafla, na yeye akaruka juu ya usukani. Mengine unayajua. Ulimwona mwenyewe kabla hajafungwa sanda.

Kuna jambo moja hulijui. Tarehe 15, siku ya tano ya msiba, wewe umelala chumbani kwangu, simu yangu ikalia. Alikuwa Glory. Akauliza mbona hatujafika. Nikamwambia. Maskini alilia, kisha kwa kuwa ndiyo kazi yake akaniambia kama nati bado zina rangi niipeleke tu, wataitengeneza bure, waranti yetu ni nzima mpaka Desemba. Nikatoka kwenda uani ilikolazwa, nikainama. Usukani umepinda, taa imesagika, na doa la njano kwenye nati ya gurudumu la mbele liko safi, halina hata mkwaruzo.

Halikupasuka kwa sababu nililikataza lisipasuke. Hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu salamu, nikawa nazunguka.

Jumatano ya tarehe 8, siku mbili kabla, Jafari alikuja ofisini kwangu asubuhi. Hajawahi kukanyaga pale. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti cha wakulima, akasubiri nimalize kuandika. Nilimwanza kwa utani, nikamwuliza kama ameleta talaka. Hakucheka. Na hakuniita mke wangu. Miaka arobaini na mmoja, dada, siku ile ndiyo mara ya kwanza aliniita kwa jina langu.

"Husna, leo sikutanii. Nimelishika lile gurudumu kwa mkono. Litamuua mtoto. Niache nifungue, dakika ishirini tu, beringi ninayo."

Nilimsikia. Nataka ulijue hilo vizuri, kwa sababu kwa mwezi mzima nimekuwa najidanganya kwamba nilidhani ni utani wake. Watu wote wa huku wangenielewa, maana mtani akitaja kifo nani anamshika maneno? Lakini nilimtazama usoni, nikajua. Kisha nikafikiria laki moja na elfu themanini, nikafikiria wewe utaniuliza ilikuwaje mjuzi wa karatasi akaua waranti kabla haijatimiza mwezi, nikafikiria zimebaki siku saba tu. Nikacheka kwa nguvu, dada, makusudi, ili karani mwenzangu chumba cha pili asikie ni utani. Nikamwambia akalale, utani wake umechacha.

Hakukata tamaa. Jioni ile ile alimfuata Ismaili mwenyewe pale nyumbani kwangu na spana mkononi, na Ismaili akakubali. Mwanao alikubali, Saida. Alikuwa ameshainamisha pikipiki. Mimi ndiye niliyetoka ndani nikasema ukigusa rangi hiyo utamweleza mama yako ulivyoichezea mali ya baba yako aliyelala kaburini. Akaisimamisha. Akamwambia Jafari, basi mjomba, tusubiri. Alinitii.

Msibani uliponishika mikono mbele ya wanawake ukaniuliza kama Jafari aliwahi kusema neno jingine juu ya mtoto, mbali na lile la sanda, nilikujibu hapana. Nilikutazama machoni nikasema hapana. Na uliponyanyuka ukamfukuza uwanjani, ukamwambia mdomo wake ndio uliomla mwanao, yeye alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Angeweza kusema. Aliinua kofia yake iliyoanguka, akaipangusa, akaondoka.

Wiki iliyopita haya ilinizidi, nikamwendea mchana kweupe, kila mtu ananiona. Nikamwuliza kwa nini amenyamaza wakati wanataka kumtoa roho. Akanijibu akiwa anafunga mlango wa banda lake tupu:

"Saida amepoteza mtoto. Nikisema, atapoteza na mdogo wake siku hiyo hiyo. Atabaki na nani?"

Nimekaa na maneno hayo siku nne. Sili. Ndiyo maana nimeandika, na hajui kama nimeandika.

Sikuombi unisamehe. Sijui hata nitakuombaje. Nakuomba mambo mawili. La kwanza, mpigie Baba mkubwa Kassimu leo, ukimaliza tu kusoma, mganga asije. Mimi nimeshajiandaa. Tarehe 19, dua ya arobaini ikiisha, nitasimama mbele ya watu nitasema haya yote kama nilivyokuandikia, na wanaotaka kukaa mbele ya nyumba ya mtu waje wakae mbele ya yangu.

Lakini maneno yangu hayatatosha, dada. Watasema Jafari amenilisha kitu nimtetee, nimeshawasikia wakijaribu sentensi hiyo. Kuna mtu mmoja tu ambaye akifanya jambo moja yatakwisha. Kwa hiyo la pili ni hili, na najua ni zito kuliko la kwanza. Njoo arobaini. Jafari atakuwa amejibanza nyuma kabisa, kama atathubutu kuja. Mtafute. Mwite "mume wangu", kama yeye anavyokuita mke mkubwa. Mnyang'anye sahani yake ya wali mbele ya Kassimu na mbele ya wale vijana, mwambie mtani gani huyu anakula msibani bila kufanya kazi. Mama wa marehemu akimtania, nani atamwita mchawi?

Najua nakuomba ufanye mzaha juu ya kaburi la mwanao. Ningekuwa na njia nyingine ningekuomba hiyo.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Riziki umpe chakula, ametoka mbali. Ukija, fikia kwa Baba mkubwa ukiona huwezi kulala kwangu. Nitaelewa. Na kama una neno la kuniambia, lolote lile, litunze kwanza, mimi sikimbii. Anza na Jafari.

Wako,
Husna