Chupa ya Profesa Haijaziki

Kaka, keti kwanza. Yule mwanafunzi tunayemwita Profesa ameumbuka mbele ya jaji wa mashindano ya sayansi, tena nafasi ya fainali ikiwa imebaki moja.

Unaikumbuka ile chupa yake ya kuwakomesha wanaouza dawa feki kwenye chupa za zamani? Ina gololi shingoni: dawa inatoka, lakini hairudi ndani.

Jaji, mama mmoja mhandisi, akaimiminia maji. Hata tone halikuingia. Mama wa watu akaloa mpaka kiwiko. Profesa kifua mbele: "Hata ufanyeje, mama, haijaziki tena!"

"Nimekubali, mwanangu. Sasa nionyeshe inavyomimina."

Kaka, chupa ilikuwa TUPU! Aliigandisha ile shingo yenye gololi kwa gundi kabla ya kutia kitu ndani. Kabla!

"Sasa mara ya kwanza unaijazaje?"

Profesa akajibu: "Hiyo... hiyo ni kazi ya kiwanda, mama."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilikuwa tayari chini ya meza.

Fainali Profesa anakwenda, usihofu. Ila jaji ameandika kwenye fomu yake kwa wino mwekundu: "Aje na chupa yenye kitu ndani."