Shangazi Yuko Nje ya Mlango wa Uwanja wa Ndege

Mpendwa mshauri Mama Jalia,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi barua ikiwa ndefu, maana moyo wangu umejaa na siwezi kuanza na shida kabla sijakueleza furaha yangu. Mimi ni bibi-arusi. Nilifunga ndoa Pasaka ya mwaka jana hapa kambini Nakivale, na ijapokuwa wenzangu hunicheka kwamba mwaka umepita na bado najiita bibi-arusi, siku nilizoishi na mume wangu hazijatimia hata mwezi, kwa sababu alilazimika kurudi kazini Kanada, nami nikabaki kwa wazazi nikingoja viza huku nikipalilia maharage ya mama.

Mume wangu anaitwa Gad. Sijui nikuelezeje uzuri wake. Kila Jumapili hunipigia simu, nami hupanda kilima chenye mtandao nikiwa bado na nguo za kwaya, na swali lake la kwanza si hali ya viza, bali tumeimba wimbo gani kanisani, kisha huuimba sauti ya besi nami sauti ya kwanza, mpaka wachunga mbuzi hugeuka kunitazama. Alipokuja kunioa alichukua dumu akaenda kuteka maji mwenyewe, vijana wakapiga kelele, "Muone mutu ya Kanada anabeba dumu!" Naye akawajibu, "Nabeba maji ya bibi yangu. Wewe, yako nani atakubebea?" Tangu siku hiyo hata wale waliosema ananichezea walinyamaza.

Sasa nieleze kuhusu shangazi yake. Wazazi wa Gad waliuawa vitani, kule kwetu Kivu ya Kusini, akiwa mtoto mdogo, na dada ya baba yake, Shangazi Mukarukundo, ndiye aliyevuka naye milima, Gad mgongoni na binti yake mchanga Orpa kifuani, na alipochoka, watu wa safari walimshauri amwache mmoja, akakataa. Baadaye njia zao zilitengana, Shangazi akapelekwa Brussels pamoja na Orpa, Gad akatoka hapa Nakivale kwenda Kanada, lakini kwa Gad huyo ndiye mama, hakuna mwingine. Na katika ukoo wao mke hahesabiwi kuwa ameingia nyumbani mpaka mama mkwe ampe maziwa kwa mkono wake na kumwita mwanangu. Siku ya harusi yetu kibuyu kilikuwa tayari na mama wengi walijitolea, lakini Gad alisimama mbele ya watu wote akasema, "Hapana, tutamungojea Shangazi." Nilimpenda zaidi kwa neno hilo, ingawa lilinichoma kidogo.

Shangazi hakuweza kuja. Figo zake zimekufa, damu yake husafishwa kwa mashine hospitalini, na Orpa ndiye anayemwogesha na kumpeleka, kisha huenda kazini kwake, kufanya usafi uwanja wa ndege.

Basi viza yangu imetoka, Mama Jalia! Nililia mpaka mama akadhani imekataliwa. Na tiketi ilipotoka tuliona ni kama mkono wa Mungu umeandika, kwa sababu ndege ya kutoka Entebbe inatua Brussels jioni, na ile ya Kanada inaondoka asubuhi yake. Usiku mzima katika mji wa Shangazi! Gad aliimba kwenye simu. Baba yangu, mzee Semahoro, alitangaza kanisani kwamba binti yake atalala kwa mama mkwe wake, watu wakapiga vigelegele, na wamama wameleta unga wa muhogo na ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, za kumpelekea. Shangazi mwenyewe alinipigia, sauti yake nyembamba kama ya mtoto, akasema, "Mutoto yangu, nguvu sina mingi, lakini siku ile nitasimama nikupokee. Usipite juu ya nyumba yangu bila mimi kukuona." Nami nikamwahidi. Niliahidi kwa sababu kwetu mtu akisafiri kwa basi na basi likalala Kampala, anashuka, analala kwa ndugu, asubuhi anapanda tena, na sikujua kwamba ndege ina sheria nyingine.

Nilijua nilipokwenda Mbarara kuchukua tiketi kwa wakala wa safari, Hamim. Nilimwambia kwa furaha yote kwamba nitalala kwa shangazi ya mume wangu, akanitazama, akaweka kalamu chini.

"Dada, wewe unalala ndani ya airport."

"Shangazi atakuja kunichukua," nikamwambia.

"Hata akuje na kwaya yake yote. Viza yako ni ya Kanada, ya Ubelgiji huna. Ukifika pale unabaki upande ya ndani mpaka ndege yako ya pili. Mlango ya kutoka si yako."

Nilirudi Nakivale nyuma ya bodaboda nikiwa sioni barabara kwa machozi. Baba aliposikia alikasirika, akasema, "Mutoto wangu alale ku kiti kama mulevi, na ndugu zake beko mu muji uleule? Huyo Hamim hajui kazi yake."

Lakini Gad hakukasirika, yeye alifikiri, na ndiyo maana nakuandikia. Anasema Orpa ana kitambulisho cha kazi cha kuvaa kifuani na koti lenye rangi ya kampuni, na huingia na kutoka kila siku bila mtu kumtazama usoni. Orpa atakuja upande wa ndani, tubadilishane, mimi nivae koti lake nitoke, jamaa mmoja ananingoja nje na gari, ninywe maziwa ya Shangazi, nikae naye, nirudi kabla hakujapambazuka. Nilimwambia hatufanani, akacheka: "Kwa macho ya wale, ninyi bote ni wembamba, ni weusi, basi." Tulimweka Orpa katika simu hiyohiyo, naye ni msichana mpole, akasema, "Sawa, nitafanya vile Gad anasema. Lakini miye nitakaa wapi?" Gad akamjibu, "Utajifungia mu toilette, ulale kidogo, si unachokaga kila siku?" Tukacheka sote.

Sasa siku zinakaribia na silali vizuri. Nikifikiria kukamatwa, tumbo linauma. Nikifikiria Shangazi amesimama kwa nguvu zake za mwisho, akingoja mtu asiyekuja, linauma zaidi. Huenda asinione tena. Gad anasema mapenzi yasiyothubutu si mapenzi, nami nampenda mno, Mama Jalia, ningepita hata kwenye tundu la sindano kwa ajili yake. Baba hajui mpango huu, Shangazi pia hajui, anaamini natoka mlangoni kama watu wengine. Nifanye nini? Nivae koti, au nimvunje moyo mama aliyembeba mume wangu mgongoni?

Ni mimi,
Bibi-arusi wa Nakivale

*

Mwanangu bibi-arusi,

Majina na mji nimevibadilisha kabla ya kuisoma barua yako redioni, ili asiye na nia njema asikutambue. Wewe ungefanya vivyo hivyo kabla ya kupeleka barua posta, lakini mwenye furaha hajihadhari.

Hongera ya ndoa. Mume anayeteka maji mbele ya vijana wa kambi nami ningemwimbia. Na shangazi aliyekataa kumwacha mtoto mmoja njiani, huyo sina neno la kumpima. Nakuambia haya mapema ili usije ukadhani ninayokwenda kusema yanatoka kwa mtu asiyejua kupenda.

Usivae koti hilo.

Mimi ni mke wa askari mstaafu. Nimelea watoto Makenke, ndani ya kambi ya jeshi, na kama kuna kitu nilichojifunza huko ni geti. Mama yangu mzazi aliwahi kusimama nje juani na mkungu wa matoke kichwani mpaka jina lake likaandikwa, na mume wangu alikuwa amesimama upande wa pili, anamwona. Hakumpitisha kwa mlango wa nyuma. Alitoka akasimama naye juani. Mama alinung'unika siku nzima, lakini mume wangu alibaki na kazi, nasi tukabaki na nyumba.

Hamim anajua kazi yake, mwambie baba. Uwanja wa ndege si kituo cha mabasi cha Kampala. Ndege ikikulaza njiani ni kama basi lililosimama usiku na mlango umefungwa: mji unauona dirishani, lakini hujafika. Kulala kwenye kiti huko si ulevi wala si aibu ya ukoo. Wanalala hapo mawaziri na maaskofu, viatu vikiwa chini ya kichwa.

Sasa huo mpango. Ukikamatwa na kitambulisho cha mtu mwingine, hawatakuuliza habari za maziwa. Watakurudisha Entebbe, na viza uliyoilia inaweza kufutwa. Gad atakuwa anaimba besi kwenye simu miaka mingine mingi, peke yake. Hilo umelifikiria, ndiyo maana tumbo linauma, na tumbo lako lina akili kuliko mumeo kwa sasa.

Lakini nilipoimaliza barua yako, sikuwa nikikuwaza wewe. Nilikuwa nikimwaza Orpa. Kitambulisho ni chake, jina ni lake, kazi ni yake. Akifukuzwa au akipelekwa polisi, nani atamwogesha huyo mgonjwa? Nani atampeleka kwenye mashine? Gad yuko Kanada, wewe utakuwa njiani kurudi Nakivale. Mtakuwa mmemnyang'anya Shangazi mkono wake wa kulia ili mpate kumsalimu. Na mnataka binti huyo, aliyebebwa milima ileile, ajifungie chooni usiku kucha wakati wewe unakaribishwa kwa mama yake. Aliuliza swali moja tu katika barua yako yote: nitakaa wapi? Mkacheka.

Gad anasema mapenzi yasiyothubutu si mapenzi. Mbona basi anathubutu kwa shingo za wanawake wawili na yake imebaki Kanada? Simwiti mtu mbaya. Ni yatima anayetaka mama yake amwone mkewe kabla hajafa, na mtu wa namna hiyo hafikiri sawasawa. Ndiyo maana lazima wewe ufikiri.

Jaribu kwanza mlango wa mbele. Gad atume barua ya daktari wa Shangazi na cheti chenu cha ndoa, nawe uende Kampala, ubalozi wa Ubelgiji, ukaombe ruhusa ya usiku huo mmoja, ukiwaambia ukweli mtupu. Wakikubali, utatoka kifua mbele. Wakikataa, na wanaweza kukataa, neno limeisha, usilitafutie dirisha.

Wakikataa, mpigie Shangazi wewe mwenyewe. Si Gad, si baba. Wewe ndiye uliyeahidi. Usimwambie "tutaona" wala "Mungu atafanya njia," maana mgonjwa anayeambiwa hivyo atajikongoja mpaka mlangoni. Mwambie: Mama, sitatoka, sina ruhusa, usisimame kuningoja. Kisha nyamaza, umwache alie kama atalia. Sitakudanganya: huenda hamtaonana hapa duniani. Utakuwa umelala karibu naye na hukumgusa, na jambo hilo litakuuma hata ukiwa na wajukuu. Lakini mtu aliyeambiwa ukweli anaweza kuutumia muda wake uliobaki, anayengojeshwa hawezi.

Na kuhusu desturi, muulize yeye mwenye desturi. Mmeamua kila kitu juu yake bila kumsikiliza. Kila mila ninayoijua, ya Waislamu wa Mbarara na ya majirani zetu Wanyankole, ina njia kwa mgonjwa: asiyeweza kwenda hutuma wa damu yake. Binti yake huingia upande huo wa ndani kila siku kwa haki, na jina lake mwenyewe kifuani. Kama Shangazi atapenda amtume akupe maziwa badala yake, na kama mkubwa wa kazi atampa Orpa nafasi ya kukaa nawe wakati wa mapumziko yake, basi akae kwenye kiti, si chooni. Kama Shangazi atasema "mungoje mpaka mpate karatasi, mje wote wawili," mtangoja. Na Gad akikuambia kwamba bado hujaingia nyumbani, mkumbushe ni nani aliyesimama naye kanisani akasema ndiyo.

Sasa usiku wenyewe, kama hukupata ruhusa. Unga na ndagala warudishie wamama, hutafika kwa wa kumkabidhi, wala Orpa asibebeshwe mzigo kazini. Pale Entebbe uliza kama sanduku linafika moja kwa moja Kanada, na uombe karatasi ya kupandia ndege ya pili hapohapo ikiwezekana. Ukishuka, tafuta kwanza mlango wa ndege ya asubuhi, uujue kwa miguu yako, ndipo utafute pa kulala, karibu na akina mama wenye watoto na penye taa. Pasipoti na karatasi za viza zikae kiunoni chini ya kitenge, mkanda wa mkoba uuzungushe mguuni. Vaa soksi na sweta, humo ndani wanapuliza baridi. Chapati mbili za kwenu zitakufaa kuliko chochote utakachokiona dirishani. Mtu yeyote akikuambia "njoo nikutoe kidogo," hata akikutajia jina la Gad, hata akijua jina la baba yako, usiinuke.

Mweleze Gad leo, kabla hajamweleza mtu wa gari. Akikasirika, akasirike. Hasira ya mume mwema hupoa, lakini viza iliyofutwa haipoi, imekufa.

Ila kabla ya Gad, na kabla ya Shangazi, panda hicho kilima chako umpigie Orpa. Usimweleze mipango. Mwombe radhi kwamba alipouliza swali mlicheka, kisha mwulize yeye anataka nini, na safari hii usubiri ajibu.

Mama Jalia,
Kakiika, Mbarara