Siku Nguzo Iliposalimiwa

Rujewa, Jumanne jioni, Machi 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa imekatika. Mkono wangu haujazoeana na kalamu, lakini leo nitaandika hata kama herufi zitapanda mlima.

Leo nimeshinda.

Kila Jumanne sisi wazee wenye macho mabovu tunakaa kwenye benchi la dispensari kumngoja dresa, msaidizi wa daktari. Anayeanza kuingia ni mkubwa kwa umri, na mkubwa ni mimi. Mzee mwenzangu Mgaya hubisha, lakini yeye alizaliwa nyuma yangu na anajua.

Huyo dresa, Elia, ni kijana. Tangu mavuno yaliyopita anatuomba tuwapishe watu walioumia macho siku hiyohiyo. Benchi zima lilimcheka. Mgaya alimwambia, "Mwanangu, ota ndevu kwanza, halafu utupange."

Leo akaja Yusta, mke wa jirani yangu Yeremia, ametoka kwenye mpunga. Khanga imemfunika uso, anapapasa ukuta. Kwetu mwanamke hapiti mbele ya wazee bila kupiga magoti na kumsalimu kila mmoja. Akaanzia mwisho wa benchi. "Kamwene, baba." Anajibiwa, anaulizwa watoto, anaulizwa mpunga, anasogea kwa mwingine. Benchi ni refu na wazee hawana haraka.

Alipokaribia kwangu akapiga magoti mbele ya nguzo ya baraza. "Kamwene, baba," akaiambia nguzo. Akangoja ijibu.

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Jicho langu moja lina ukungu, lakini hilo lingine linaona kuliko macho ya wale wote wakiyachanga. Nikamfunua khanga. Macho yamevimba, hayafunguki, machozi yanachuruzika.

"Mama, umepatwa na nini?"

"Nyoka, baba. Swila amenitemea mate nikipalilia."

"Na bado unasalimia?"

"Ningewapitaje wakwe zangu?"

Nikamshika mkono, nikampeleka mlangoni. Mgaya akaweka mguu njiani. "Zamu ni yako. Ukiiacha ni yangu, siyo ya huyo."

"Mgaya, jicho lako limeharibika tangu nywele zako zikiwa nyeusi. Halitakimbia kabla ya chakula cha mchana. Ondoa mguu."

Hakuuondoa. Nikauondoa kwa fimbo.

Elia akamlaza, akamwagia maji machoni, birika baada ya birika. Mimi nikabaki mlangoni, nikatangaza. Aliyeumia leo anaingia kwanza, na hasalimii mtu. Atasalimia akitoka. Kijana hawezi kuliambia benchi la wazee neno hilo. Mimi naweza, maana juu yangu yupo Mungu peke yake, na Mungu hakai kwenye benchi.

Baadaye akaja seremala, kibanzi kimemwingia jichoni. Akavua kofia, akainama kumsalimu Mgaya. Mgaya akamwambia, "Salamu zangu nitazidai ukitoka. Ingia." Alisema kama vile amri ni yake. Nilimwachia hiyo moja.

Yusta akatoka, macho mekundu kama pilipili, lakini yako wazi. Elia alisema sumu imeoshwa mapema, yatapona. Yusta akaitazama nguzo, akaipita. Akapiga magoti mbele yangu, akainamisha uso kama desturi inavyotaka.

Nikamwambia, "Leo inua uso. Niambie ndevu zangu zikoje."

"Nyeupe, baba. Na zina ugoro."

Benchi likacheka tena. Safari hii na mimi nilicheka.

Anaona.

Jicho langu halikufikiwa, jua lilituwahi kuzama. Si neno. Jumanne nitakuwa wa kwanza tena, labda aje aliyeumia. Akija, nitakuwa wa kwanza kusimama.