Ufito Uliofungwa kwa Kanga za Mama

Mpendae, Unguja
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama shikamoo, maana najua amekaa karibu yako anamenya mihogo na kujifanya hasikilizi. Tito mdogo wangu, wewe unayesoma, marahaba, na usiruke mistari kama ulivyoiruka barua ya Pasaka. Hii kila mstari una kazi yake. Mguu unasemaje, baba? Goti bado halikunji? Mimi ni mzima, kifua kimepona, na kazi ya mbao za zege huku Michenzani inaendelea. Majumba yanazidi kurefuka mpaka nikiwa juu naona bahari pande mbili.

Leo sina subira ya kuanza na habari za mvua wala bei ya unga. Baba, nimepata kitu!

Yule Mjerumani wa mitambo niliyewaandikia, yule anayekula papai kwa chumvi, amemaliza mkataba wake amerudi kwao. Siku ya kuagana alinikabidhi mfuko mrefu wa turubai. Nikadhani ni nguzo za hema. Kumbe ndani mna ufito wa kuvulia, mapande matatu ya kuunganishwa, pamoja na kigurudumu cha chuma cha kukunjia mshipi. Nikauunga na kuupima kwa futi yangu: futi kumi na tatu! Ukiusimamisha kando ya nyumba yetu unapita paa. Akaniambia umetengenezwa kwa nyuzi za kioo, nikacheka, nani aliona kioo kinapindika? Lakini unaupinda kama upinde, ukiuachia unarudi wima. Mjerumani akasema kwa Kiswahili chake cha kuponda mawe, "Hii hapana taka mtumbwi. Wewe simama mchanga, tupa mbali, ngoja."

Hapana taka mtumbwi. Neno hilo liliniingia moyoni likakaa.

Kwa sababu Tito aliniandikia, baba, msikasirike naye. Aliniandikia kwamba tangu mtumbwi ulipopinduka na mguu wako ukaumia, mama alilichoma kafi lako akaivishia maharage, na kwamba wewe hukugomba. Hilo la kutogomba ndilo lililonitisha. Akasema siku hizi unakaa nyuma ya nyumba, umelipa ziwa mgongo. Mtu aliyenifundisha kuogelea kabla sijajua kuhesabu! Nilisoma barua ile nikiwa juu ya jukwaa la mbao, ikabidi niteremke.

Basi nikajiwekea mtihani. Kama ufito huu unaweza kumpatia samaki mtu asiyekanyaga maji wala kuingia chomboni, utakuja Ukerewe. Kama hauwezi, sitawaambia kitu, maana kukutia tamaa ya bure ni dhambi.

Siku ya kwanza nilijaribu uwanjani, bila ndoana, chubwi tupu, ile risasi ya kuuzamisha mshipi. Niliuzungusha nyuma ya bega, nikatupa. Baba, ulivuma! Chubwi likaruka, likaruka, nikasahau kulitazama linapoangukia kwa kustaajabu linavyokwenda. Nikahesabu hatua mpaka nilipolikuta: mia na ishirini na nane. Ni kama kutoka mlangoni kwetu mpaka lile jiwe la fisi maji, pale ulipopenda kuvua siku zote, na zaidi. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njia nzima.

Ninafanya kazi na kijana mmoja wa Makunduchi, kusini ya kisiwa, anaitwa Haji. Akanikaribisha kwao nikajaribu baharini. Tulifika Jumamosi jioni, maji yamejaa mpaka kwenye minazi, yanameta. Nikasema kesho ni kesho. Asubuhi nikamwacha Haji amelala, nikachukua ufito na chambo, nikashuka pwani peke yangu kama bwana.

Bahari haipo.

Naapa, baba. Ilikuwa imehama. Palipokuwa na maji jana ni mawe na mwani mpaka mbali, na wanawake wanatembea humo na vijiti vyao wanatafuta pweza. Mjini najua maji hupanda na kushuka, lakini hushuka kidogo tu ukutani. Sisi watu wa ziwa tumezoea kuliacha ziwa jioni na kulikuta asubuhi pale pale, halina safari. Nami, kwa kiburi cha ufito wangu, nikasema si neno, nitatupa mbali zaidi. Nikatupa kwa nguvu zote.

Baada ya kitambo akaja mama mmoja, pweza wanamning'inia kijitini, na chubwi langu mkononi.

"Hili lako?"

"Naam, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Limeniangukia hapa karibu na mguu. Mwanangu, unavua nchi kavu? Unamvua nani, kaa?"

Kumbe ndiye Bi Mize, mama yake Haji. Alinicheka mpaka akaketi chini. Haji naye, nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Nlitaka nione Mkerewe atafanyaje." Maji yalirudi mchana, nikatupa tena, mawe yakanila machubwi mawili, samaki hata wa kunukia sikupata.

Kosa langu la pili, mama usicheke, lilitokana na wewe. Si ulitufundisha kila chombo kisuuzwe ziwani kabla ya kurudi nyumbani? Nikakisuuza kigurudumu vizuri ndani ya bahari, nikakifuta, nikakiweka chini ya kitanda. Wiki ilipoisha kimegandamana, kimevaa chumvi nyeupe na kutu nyekundu. Nilihisi kama nimekupindulia mtumbwi mara ya pili, baba. Nikakikimbiza kwa fundi saa mmoja Darajani. Alikifungua, akanuna, akanusa, akasema, "Umekiogesha bahari wewe," akakilaza katika mafuta ya nazi siku mbili. Kimepona, kinazunguka bila sauti. Huko kwenu maji ni matamu, suuza utakavyo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo.

Jumapili iliyopita nilirudi Makunduchi. (Misa nilikosa, mama, lakini niliomba pwani, tena niliomba kweli.) Safari hii niliuliza kwanza. Bi Mize alinionyesha mlango, mkondo wa maji unaokata mawe karibu na mchanga, maji yakianza kujaa samaki hupita hapo. Akanipa na mkono mmoja wa pweza wa chambo. Mimi nikatoa vipande viwili vya mbao nilivyotoka navyo kazini, nikavifunga kwenye mguu wangu wa kulia kwa vitambaa vya gunia, goti lisikunje. Watu waliokuwa pwani wakaanza kusogea kunitazama.

"Umevunjika?" Bi Mize akauliza. "Mguu wakuuma?"

"Hapana, Bi Mize. Mguu unaouma ni wa baba yangu."

Nikamweleza yote, la kafi na la kukaa nyuma ya nyumba. Safari hii hakucheka. Akaondoka, nikadhani nimemchosha. Kumbe amekwenda jikoni kwake. Akarudi na mbuzi yake ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma, akaukunja ulimi na kunambia, "Kaa hapa. Mzee wa watu hawezi kusimama kutwa."

Basi nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, mguu nimeunyoosha, nikatupa. Ya kwanza ilikwenda upande. Ya pili ilikwenda vizuri, ikaangukia katikati ya mlango. Kwa hiyo kukaa si kizuizi, baba. Kazi yote ni mabega, nawe mabega unayo.

Tukangoja. Maji yakapanda yakafika kwenye vidole vyangu, nikajivuta nyuma na mbuzi yangu. Halafu ncha ya ufito ikainama mara moja, kama mtu anayeitikia salamu. Ikatulia. Halafu baba, ikaondoka! Kigurudumu kikalia, mshipi ukakimbia, mimi nikang'olewa kwenye kigoda nikakaa mchangani kwa makalio. Haji akaja mbio kunishika.

"Usiniguse!" nikapiga kelele. "Baba atakuwa peke yake! Usiniguse!"

Bi Mize akamvuta mwanawe kwa shati. "Mwache! Hujasikia? Mwache!"

Sikuweza kusimama. Nilikita kisigino cha mguu wa kushoto mchangani, nikaulaza ule wa mbao, nikavuta akilegea, nikamwachia akivuta, kama ulivyonifundisha kwa sangara wa kamba, hapana, kwa mumi, nimeanza kuchanganya kwa furaha. Watu wote pwani wakawa wanaimba mvute, mvute. Nilipomwona ubavu wake unang'aa kwenye maji madogo nilijua, na wimbi likanisaidia, likamleta mchangani mpaka miguuni kwangu. Kolekole, baba! Mrefu kama mkono wangu kutoka begani mpaka kwenye vidole, mnene, bado ananitazama. Nikalia. Nimekaa chini na mbao zangu mguuni, mtu mzima mwenye ndevu, nalia mbele za watu, wala sikuona haya.

Nikataka kumbeba nimpeleke mjini nikawaonyeshe wenzangu. Bi Mize akanizuia. Kwao, chombo kipya kikitoa samaki wa kwanza, mwenye chombo hamli. Humtoa, apewe mtu mwingine amle kwa moyo safi, ndipo chombo kinakuwa na mkono mzuri. Nikaanza kumkabidhi yeye. Akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Lakini chombo hiki si chako. Si umesema cha baba yako?"

"Cha baba."

"Basi wewe umemjaribia tu. Lete tumkaange, tule sote. Mwenyewe ndo asile wa kwanza wake, na umwambie hivyo hivyo."

Tukamla kwa wali wa nazi, nazi iliyokunwa kwenye kigoda kile kile nilichovulia. Kichwa nilipewa mimi.

Ufito unakuja, baba. Kijana mmoja wa Nansio anayefanya kazi bandarini anakwenda likizo, atauchukua kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha treni mpaka Mwanza. Nimemwonya asije akautumia kuangulia maembe njiani. Ndani ya mfuko nimeweka ndoana, machubwi sita na chupa ndogo ya mafuta ya nazi. Na mapande yote matatu nimeyazungushia doti mbili za kanga mpya, nikazishona kwa uzi. Kanga ni za mama. Kwa hiyo, baba, ufito hutaupata mpaka mama azifungue kwa mkono wake, na mama, kanga hutazivaa mpaka umkabidhi ufito. Mimi niko mbali, malizaneni huko.

Nisalimie bibi, mwambie Unguja hawajanila. Nisalimie shangazi na watoto wake wote, hata yule aliyenivunjia randa. Na jirani yetu Mzee Magesa aliyenunua mtumbwi wako, msalimie sana, umwambie awe anapiga kafi mbali kidogo na pwani yetu, mshipi wako usije ukamkamata kofia. Tito, wewe utafute kigoda kizuri, ukiweke mbele ya nyumba. Mbele, si nyuma.

Na samaki wako wa kwanza, baba, usimle. Mpe mama. Yeye ndiye aliyelichoma kafi, na najua alilichoma akilia.

Ni mimi mwanao anayekutazama akiwa huku,
Faustini